Kupima kampaundi haba za hewani: TOF, Orbitrap au mirija, ipi ikufae?

Tazama kilele cha masi 69. Ukivuta hewa ya msituni mchana wa jua kali na kuiingiza kwenye spektrometa ya masi (mashine inayopima masi ya molekuli zilizopewa chaji) inayotumia ioni za maji, kilele hicho hupanda jua linapopanda na kushuka linapozama. Hiyo ni isoprini, gesi ambayo miti mingi huitoa kupitia majani. Upepo ukigeuka ukaleta moshi wa kuni, kilele hicho hicho hupanda tena, ila safari hii ni furani, zao la kuungua kwa miti. Mashine ya kwodrupoli, inayosoma masi kwa namba nzima, itakuonyesha nguzo moja na kukuacha ukisie. Mashine yenye upambanuzi wa juu itakuonyesha vilele viwili vimesimama bega kwa bega: furani kwenye 69.033, isoprini kwenye 69.070. Mara ya kwanza nilipoviona vimeachana hivyo kwenye skrini nilivitazama kwa muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji.

Sasa ihamishie mashine hiyo mjini, usiku. Kilele cha 69.070 bado kipo, ingawa giza limeingia na miti imeacha kutoa isoprini. Sehemu yake kubwa yaweza kuwa vipande vya aldehaidi ndefu kama nonanali, ambayo hutoka kwenye mapishi. Aldehaidi hizo zikiingia kwenye mashine huvunjika, na kipande kimojawapo hubaki na kaboni 5 na hidrojeni 9, fomula ileile ya isoprini iliyopokea protoni. Hapo hata upambanuzi wa milioni moja hausaidii, kwa sababu hakuna tofauti ya masi ya kupambanua.

Nimeanza na kilele hiki kwa kuwa watu wengi wanaotaka kununua mashine, au kuchagua maabara ya kupeleka sampuli zao, huuliza namba ya upambanuzi kabla ya jambo lingine lolote. Kwa maoni yangu namba hiyo iulizwe mwisho. Kwanza amua molekuli zako zitapewaje chaji, kisha hewa itafikaje kwenye mashine, ndipo uje kwenye kichambuzi chenyewe. Lakini kwa kuwa swali la namba halikwepeki, tulimalize kwanza.

Namba ya upambanuzi

Upambanuzi hupatikana kwa kugawa masi ya kilele kwa upana wake. Kilele cha masi 200 chenye upana wa 0.02 kina upambanuzi wa 10,000. Lakini upana huo umepimwa wapi? Kwa TOF (mashine inayopima muda wa safari ya ioni) na Orbitrap (inayonasa ioni na kusikiliza zinavyoyumba) hupimwa kwenye nusu ya urefu wa kilele. Mashine za sumaku, ambazo kwa miaka mingi ndizo zimekuwa mhimili wa upimaji wa dayoksini, kemikali zenye sumu kali, hutumia kanuni kali zaidi: vilele viwili vyenye urefu sawa viachane hadi bonde lililo kati yao lishuke kufikia asilimia 10 ya urefu wao. Elfu 10 ya kanuni hii inakaribia elfu 20 ya ile nyingine. Ukiweka karatasi mbili za maelezo mezani bila kuuliza hilo, utakuwa umepima mashine moja kwa pishi na nyingine kwa kibaba.

Kiasi unachohitaji unaweza kukipigia hesabu mwenyewe. Furani na isoprini zinatofautiana kwa oksijeni moja upande huu, na kaboni moja yenye hidrojeni 4 upande ule. Tofauti hiyo ya masi ni 0.0364. Gawa 69 kwa 0.0364, unapata karibu 1,900, kiasi ambacho hata TOF ndogo inakimudu. Jozi hiyohiyo ikitokea kwenye molekuli ya masi 300 inadai karibu 8,200. Halafu ipo jozi ya kaboni 3 dhidi ya salfa 1 yenye hidrojeni 4, ambayo tofauti yake ni 0.0034 tu. Kwenye masi 400 jozi hii inadai karibu 118,000, na hapo TOF za kawaida za kupimia hewa hazifui dafu.

Hesabu hizi zinachukulia kwamba vilele vyote viwili vina urefu sawa. Hewani ni nadra kuwa hivyo. Kilele kimoja kikiwa mara 100 ya mwenzake, kile kidogo huzama kwenye ubavu wa kikubwa, na utahitaji upambanuzi mara kadhaa zaidi ya ule uliouhesabu. Jiwekee akiba.

TOF na Orbitrap ana kwa ana

TOF hupima muda wa safari. Ioni husukumwa kwa pamoja kwa umeme, zikaruka ndani ya bomba lenye ombwe, nyepesi zikatangulia na nzito zikafuata. Kila msukumo mmoja huleta spektra nzima, na misukumo ni maelfu kwa sekunde. Unaweza basi kuhifadhi spektra 10 kila sekunde bila kuacha masi yoyote, na hiyo ndiyo kasi wanayoihitaji wanaopima gesi zinazopanda na kushuka juu ya msitu kwa kufuata misukosuko ya upepo. Upambanuzi wake huanzia elfu chache hadi elfu 10 na ushei, na haubadiliki sana masi inapoongezeka.

Orbitrap hufanya kazi kwa namna nyingine kabisa. Alexander Makarov aliieleza kwa wanasayansi mwaka 2000, na ikaanza kuuzwa 2005. Ioni hunaswa zikazunguka elektrodi iliyonenepa katikati na kuchongoka pande zote mbili, huku zikiyumba mbele na nyuma kando yake. Mashine husikiliza kasi ya kuyumba huko na kuigeuza kuwa masi. Ikisikiliza kwa muda mrefu zaidi, inapambanua vizuri zaidi. Kwa aina zilizoenea maabara, kufikia 140,000 kwenye masi 200 huchukua karibu nusu sekunde. Masi ikipanda upambanuzi hushuka kwa kipeuo cha pili, hivyo kwenye masi 800 mashine hiyo inabaki na 70,000. Bado ni nyingi mno ukilinganisha na TOF.

Ukiishia hapo utaagiza Orbitrap kesho. Subiri kwanza.

Mtego wa ioni una nafasi zenye kikomo, takriban chaji milioni 1 kwa mkupuo. Unapopima hewa, ioni za kitendanishi, zile unazozitengeneza ili ziipe sampuli chaji, ni nyingi kupita kiasi kuliko ioni unazozitafuta. Zikiachwa ziingie zote, hukalia karibu nafasi zote, na kampaundi yako haba hubaki na ioni za kuhesabu kwa vidole. Zaidi ya hapo, katika mipangilio ya kawaida Orbitrap hukata kila kilicho chini ya kizingiti cha kelele. Ishara dhaifu huandikwa sifuri, na sifuri elfu moja ukizijumlisha zinabaki sifuri. TOF haina tabia hiyo. Ioni moja ikigonga kitambuzi leo asubuhi na nyingine baada ya dakika 10, zote zinahesabiwa, na ukikusanya spektra za saa nzima kilele kidogo hujitokeza chenyewe. Kwa mtu anayefuatilia gesi iliyo chini ya sehemu 1 kwa trilioni, tofauti hii ina uzito kuliko upambanuzi wote uliotangazwa.

Kumbuka trilioni hiyo maana yake nini. Sentimita moja ya ujazo ya hewa ya usawa wa bahari ina molekuli zipatazo 25,000,000,000,000,000,000. Sehemu 1 kwa trilioni ni molekuli milioni 25 tu kati ya hizo.

Jambo la pili hugunduliwa na wengi wakiwa wameshalipa: Orbitrap nyingi za maabara husoma kuanzia masi 50. Formaldehaidi iliyopokea protoni iko 31, methanoli 33, asetaldehaidi 45. Zote huzioni. Huzioni hata ioni za maji zenyewe, za 19, ambazo mpimaji wa hewa huzifuatilia kila dakika ili ajue mashine iko imara. Kama swali lako linahusu gesi hizi nyepesi, uamuzi umekwisha.

TOF nayo ina maudhi yake, na nililobishana nalo zaidi ni joto la chumba. Bomba la kurukia likiwa la chuma cha pua hutanuka takriban sehemu 16 kwa milioni kwa kila nyuzi 1 ya Selsiasi. Masi hukokotolewa kutokana na mraba wa muda, kwa hiyo kosa huongezeka mara mbili na kuwa karibu sehemu 32 kwa milioni. Kwenye masi 69 hiyo ni 0.002. Haitoshi kukufanya uchanganye furani na isoprini, lakini kwenye masi 300 imeshakuwa karibu 0.01, na fomula uliyoipendekeza inaweza kuwa imehama kwa jirani. Dawa yake ni kuwa na vilele vya kujulikana wakati wote. Ioni ya maji yenye oksijeni nzito iko 21.022, na wengi huongeza tone la diayodobenzini linalovukiza polepole ndani ya mashine na kutoa vilele kwenye 203.943 na 330.848. Ukiwa na nanga chini, kati na juu, programu inaurekebisha mstari kila dakika chache. Orbitrap hutulia zaidi. Kosa lake kwa kawaida hubaki ndani ya sehemu 3 kwa milioni.

Kuna tofauti nyingine isiyoandikwa kwenye karatasi yoyote ya mauzo. Data ya TOF imejaa vilele vilivyobebana, na ni wewe utakayekaa kuamua ndani ya uvimbe mmoja kuna fomula ngapi. Watu wawili makini wanaweza kuupa uvimbe huohuo majibu mawili. Kwenye Orbitrap vilele vingi huwa vimeshaachana, na ubishi hupungua. Kama kikundi chako ni kipya na hakuna aliyewahi kufanya kazi hiyo ya kuchambua, tenga miezi yake kwenye ratiba.

Kwa gesi zenye masi chini ya 200 zinazopimwa mfululizo, mimi huchagua TOF bila kusita. Kwa molekuli za masi 250 hadi 500 zilizojaa oksijeni na nitrojeni, zile zinazojenga chembe za erosoli, yaani chembe ndogo zinazoelea hewani, Orbitrap inastahili gharama yake.

Mbili za pembeni

Mashine za FT-ICR, zilizoanzishwa na Comisarow na Marshall mwaka 1974 huko Vancouver, hunasa ioni ndani ya sumaku yenye nguvu sana na kufikia upambanuzi wa laki kadhaa, hata zaidi ya milioni. Ni za kuchambulia dondoo za vichujio vya erosoli ambamo sampuli moja hutoa maelfu ya fomula. Haziendi uwandani. Usiinunue kwa ajili ya hewa. Tafuta maabara iliyo nayo na upeleke vichujio vyako.

Mashine za sumaku zenye upambanuzi wa 10,000 kwa kanuni ya bonde ndizo zilizoandikwa kwenye mbinu rasmi za dayoksini, kama ile ya Marekani ya 1613. Zinafuatilia masi chache ulizochagua kwa usikivu mkubwa, na hazikuambii lolote juu ya masi ambayo hukuiuliza. Kama ripoti yako itasomwa na mamlaka ya udhibiti, mbinu imeshakuchagulia mashine.

Nani anaipa molekuli chaji?

Hapa ndipo ninapotaka msomaji akae zaidi. Spektrometa huona ioni tu. Kampaundi isiyopata chaji haipo, hata kama imejaa chumba kizima.

Mbinu ya PTR, yaani ya kuhamisha protoni, iliyokuzwa Innsbruck na Werner Lindinger na wenzake katika miaka ya 1990, hutumia ioni ya maji kuigawia molekuli protoni. Protoni huhama ikiwa molekuli inaipenda kuliko maji, na upendo wa maji ni kilojuli 691 kwa moli. Nitrojeni, oksijeni, agoni na kaboni dayoksaidi ziko chini ya hapo, kwa hiyo hewa yenyewe hupita kimya na vilivyomo ndani yake tu ndivyo vinavyosikika. Ni uzuri mkubwa. Asetoni, yenye 812, huchukua protoni bila kurudi nyuma. Formaldehaidi ina 713, juu kidogo tu ya maji, na hewa ikiwa na unyevu mwingi protoni hurudi ilikotoka. Siku ya mvua namba ya formaldehaidi hushuka hata kama formaldehaidi yenyewe haijapungua. Anayepima gesi hiyo bila kusawazisha mashine kwa viwango mbalimbali vya unyevu anapima hali ya hewa. Alkani ndogo, kama methani na propani, PTR haizioni kabisa.

Ioni za naitreti hufanya kazi kinyume: hushikamana na molekuli zenye sehemu angalau mbili za kuunganika kwa hidrojeni, na kuziacha nyingine zipite. Asidi ya salfuriki na mazao ya monoterpini (gesi za miti zenye kaboni 10) yaliyobeba oksijeni nyingi vilionekana kwa njia hii kwenye hewa ya msitu wa Hyytiälä, Ufini. Isoprini yenyewe, hata ikiwa nyingi mara maelfu, haitaonekana. Ioni za ayodini ziko katikati: zinashika asidi ya fomiki, asidi nyingine za kikaboni na dinitrojeni pentoksaidi. Zina faida moja ninayoipenda: ayodini ina masi ya 126.904, pungufu kidogo ya namba nzima, hivyo kila kilichoshikamana nayo husogea upande wa kushoto wa nguzo na kujitenga na uchafu wa kawaida. Ni upambanuzi wa bure. Unyevu huzisumbua nazo, kwa baadhi ya kampaundi sana.

Kwa hiyo watafiti wawili wanaweza kusimama kwenye mnara mmoja, mmoja na PTR na mwingine na naitreti, wote wana TOF ileile, na orodha zao za kampaundi zikakutana mahali pachache tu. Kabla hujalinganisha vichambuzi, andika majina ya kampaundi 10 unazozitaka na uweke alama ni ioni gani inayoziona.

Papo hapo, au mrija na kichujio?

Kuna swali ambalo mashine zote za papo hapo hazilijibu. Alfa-pinini, limonini na ndugu zao wote ni C10H16, na katika PTR wote husimama kwenye 137.132. Mashine huziona kama kitu kimoja. Hewani lakini hazifanani: limonini huungana na ozoni haraka zaidi ya alfa-pinini na hutoa erosoli zaidi. Vivyo hivyo methili vinili ketoni na methakrolini kwenye 71.049. Hizi ni isoma, molekuli zenye fomula moja lakini maumbo tofauti, na kinachoziachanisha ni kromatografia ya gesi.

Njia hiyo ina hatua nyingi. Unavuta lita kadhaa za hewa kupitia mrija uliojazwa kifyonzi kama Tenax, unaufunga, unaupeleka maabara, unaupasha joto ili ulichokinasa kitoke, kisha safu ndefu ya kromatografia hukitoa kimoja baada ya kingine kuelekea spektrometa. Kwa elektroni za voti 70 kila kampaundi huvunjika kwa mpangilio wake, na mpangilio huo unalinganishwa na maktaba zenye spektra laki kadhaa. TOF au Orbitrap ikiwa nyuma yake, una ushahidi wa aina tatu: muda wa kutoka, mpangilio wa vipande, na masi kamili. Sijui ushahidi ulio imara kuliko huo kwa kampaundi moja moja.

Unachopoteza ni wakati. Mrija wa saa 1 hukupa wastani wa saa 1, na wingu la moshi lililopita kwa dakika 4 huyeyuka ndani yake. Mrija pia una kemia yake. Ozoni ikiingia pamoja na hewa huendelea kuzila terpini zikiwa zimekaa kwenye kifyonzi, na unapopima unapima masalia. Weka kiondoa ozoni mbele, na kila safari beba mirija mitupu iliyofunguliwa na kufungwa hapohapo uwandani bila kuvuta hewa. Nimeona sampuli za wiki nzima zikitupwa kwa kukosa hiyo mitupu.

Vichujio vya erosoli vina jambo linalofanana. Dondoo likitengenezwa kwa methanoli, baadhi ya asidi hugeuka esta humo ndani ya chupa, na Orbitrap yenye upambanuzi wa 140,000 itakuonyesha esta hizo kwa usahihi wa ajabu ingawa hazikuwahi kuwa hewani. Asetonitrili ina usumbufu mdogo zaidi upande huo.

Na mashine ya papo hapo nayo isijione imepona, maana ina bomba. Gesi tete hupita kwenye bomba la teflon kwa sekunde. Molekuli nzito zenye oksijeni hunata ukutani na kufika baada ya dakika au zaidi, zikiwa zimechanganyika na za jana. Bomba liwe fupi na lipashwe joto kidogo, na mvuto wa hewa uwe mkubwa. Ukinunua TOF ya hertzi 10 kisha ukaiwekea mita 30 za bomba baridi, umejinunulia mashine ya dakika 10 kwa kampaundi hizo.

Ningechagua hivi

Unataka kujua gesi zinavyobadilika saa kwa saa, mjini au msituni: PTR yenye TOF, upambanuzi wa 4,000 hadi 10,000, na mirija michache ya kromatografia pembeni mara moja kwa siku ili kujua ndani ya 137 kuna nani. Mchanganyiko huu ndio ninaoupendekeza kwa watu wengi zaidi. Unataka kujua chembe mpya za erosoli zinazaliwaje: naitreti, na hapo Orbitrap na TOF zinashindana kweli, TOF ikiongoza kwa ishara hafifu na Orbitrap kwa fomula zisizo na shaka. Una bajeti ya sampuli lakini huna ya mashine: nunua pampu ndogo, mirija na kiondoa ozoni, kisha ulipie maabara yenye kromatografia na kichambuzi cha upambanuzi wa juu. Kazi nzuri sana hufanyika hivyo.

Kabla ya kutia saini yoyote, omba jaribio kwa hewa halisi. Usikubali onyesho la silinda ya gesi kavu peke yake, maana kila mashine hupendeza kwenye gesi kavu. Waombe waingize hewa yenye unyevu wa asilimia 80, kisha hewa iliyosafishwa yenye unyevu uleule, na wakuachie data ghafi ya saa 24. Ifungue mwenyewe. Nenda kwenye masi 69, angalia kama vilele viwili vimeachana mpaka chini, kisha angalia 69.070 inafanya nini saa 8 usiku.